Paa Langu, Umri wa Khiem

Jumapili, 10 Septemba

Ijulikane kwa wote, walio hai na waliotangulia, kwamba leo alasiri tone la kwanza la mvua limeingia rasmi katika nyumba yangu. Limepokelewa na mto wa kulalia. Mto wangu — si wa mke wangu Thoa.

Miezi minne tu tangu tuinunue! Miaka yote ile ya kupanga vyumba vya watu, kisha hii: nyembamba kama kalamu, ndefu kama behewa, ndani kabisa ya kichochoro. Yangu. Nikapanda na mrija wa silikoni, nikaziba kigae kilichopasuka, sawasawa juu ya kitanda. Nimeshuka nimelowa chapachapa, kifua mbele.

Sauti kutoka ng'ambo ya ukuta: "Mdogo wangu, hapo ulipoziba hapavuji."

Khiem. Jirani. Mwalimu wa udereva, kwa hiyo hawezi kunyamaza akiona mtu ameshika usukani wa kitu chochote. Sikuwa nimemuuliza. Thoa ndani: basi si umuulize?

Sitamuuliza.

Jumanne, 12 Septemba

Tone limehama. Sasa liko juu ya televisheni, na limeleta mwenzake mlangoni.

Khiem amekuja. Nani kamwita? Mke wangu, juu ya ukuta, kwa sauti tamu ambayo mimi huisikia siku za pesa tu. Akavua viatu, akavipanga mlangoni pua mbele. Hata viatu vyake vina adabu. Akagonga boriti moja moja kwa kifundo cha kidole, sikio ameinamisha kama daktari.

"Maji ni mwongo, mdogo wangu. Yanaingia huku, yanatembea juu ya mbao, yakichoka kule ndipo yanadondoka. Usifukuze tone. Fuata njia yake, nenda juu." Akaonyesha weusi kwenye mbao karibu na ukuta, mbali kabisa na kitanda. Kweli tupu. Inaudhi.

Hakuishia hapo. Nyumba uliyonunua usiipake rangi mwaka wa kwanza. Iache ilie misimu yote, uone inalia wapi. Unyevu ukiufunika kwa rangi umempaka mgonjwa poda. Sakafu igonge kwa ufunguo: kigae kikilia kama ngoma, chini hakuna saruji. Na boriti hii — akachomeka bisibisi, ikazama kama kwenye keki — mchwa wamekula, wametuachia ganda. Paa lote lishuke kabla ya tufani za Oktoba.

Thoa alikuwa anaandika! Mimi nikisema kitu haandiki.

Jambo jingine. Kwetu mke humwita mumewe kaka. Na jirani aliyekuzidi umri kidogo, naye ni kaka. Sikuwahi kuona kasoro katika mpango huu. Leo Thoa ameita kutoka jikoni, "Kaka! Chai!" Tumeinuka wote wawili.

Jumatano, 13 Septemba

Dirisha langu linatazama nyumba yake. Nimejaribu kutolitazama. Geti la buluu, halina kutu. Mifereji ya paa ya bati linalong'aa, imelala kwa mteremko mmoja kama iliyochorwa kwa rula. Bomba la mvua linashuka hadi kwenye pipa, pipa lina mfuniko, mfuniko una jiwe. Ukuta haujawahi kulia hata msimu mmoja. Mke wake yuko Taiwani, anatunza wazee, mwaka wa tatu sasa. Mtu huyu ana muda.

Mimi nauza miwani sokoni. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuona. Naona.

Alhamisi, 14 Septemba

Leo mwezi wa mizimu unaisha, kwa hiyo kuanzia kesho mtu anaweza kugusa nyumba. Mama mkwe, Bibi Luu, amefika toka kijijini na mayai na kalenda.

"Mwanangu, kwa hesabu yetu una miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

Akahesabu kwenye vifundo vya vidole. Akarudia. Uso ukashuka. Huu ni mwaka ambao sitakiwi kugusa paa. Na balaa lake halimwangukii anayegusa. Linamwangukia mkewe.

Lingeniangukia mimi ningesema potelea mbali. Sasa mtu anasemaje potelea mbali hapo? Thoa alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakuinua kichwa. Kisu kikasimama.

Nikasema: basi tuazime umri, mtu mwenye mwaka mwema awe mwenye nyumba badala yangu.

Kisu kikaendelea.

Nani sasa? Mjomba Nhuong yuko matangani. Fundi saa wa kibanda cha pili kule sokoni, umri wake tayari uko kwa binamu yake, na umri mmoja hauwezi kubeba nyumba mbili. Mama mkwe akatupa macho juu ya ukuta. Khiem alikuwa juu ya ngazi, anasugua mifereji yake kwa mswaki. Mswaki!

"Yule je?"

Nikaomba kimoyomoyo mwaka wake uwe na mkosi, hata mdogo tu. Mama mkwe akamuuliza tarehe ya kuzaliwa palepale, akahesabu mara mbili.

"Umri safi kama sahani ya harusi," akasema.

Jumatatu, 18 Septemba

Tumekwenda rasmi, na chai na tambuu. Nilitegemea ajivute kidogo, mtu mwenye heshima hujivuta. Akajifuta mikono tu, akauliza: "Kweli? Mnataka mimi ndiye niwe mwenye nyumba?" Mara mbili ameuliza. Anajua kulionja jambo.

Jioni, nyumbani kwangu, mbele ya madhabahu ya wazee waliotangulia, akanipa noti moja, nami nikatamka: nimekuuzia nyumba hii. Mchezo tu, kila mtu anafanya. Lakini noti niliikunja mara nne. Mama mkwe akaeleza utaratibu. Kuanzia sasa, mbele ya wazee na mungu wa ardhi, mwenye nyumba ni Khiem. Paa likiisha nitainunua tena. Siku ya kung'oa kigae cha kwanza nisionekane kabisa, wazee wasije wakachanganyikiwa.

Nikatania: mke hayumo kwenye mauzo, sivyo?

Wamecheka. Ila hawakucheka haraka.

Ijumaa, 22 Septemba

Siku ya kigae cha kwanza. Nimefukuzwa kwangu na paja la kuku mdomoni — hapana, sikula hata kuku. Sadaka zilikuwa za mwenye nyumba.

Nimekaa kwa Dada Nhan, muuza uji wa samaki mkunga, mdomoni mwa kichochoro. Nimechukua darubini, zile ninazowauzia vijana wa mpira.

"Unatazama ndege?" akauliza Dada Nhan.

"Paa."

"La nani?"

"Langu."

"Aa. Mimi nimesikia la Khiem."

Akaniongezea pilipili bila kuombwa.

Niliyoyaona: Khiem kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Uvumba. Anasujudu — vizuri, mgongo umenyooka, wazee wangu lazima walifurahi. Kisha ngazi. Aliyeshika ngazi ni Thoa! Mimi nilipopanda na silikoni alikuwa anatazama tamthilia. Khiem akang'oa kigae, akakishusha kwa mikono miwili kama anashusha mtoto, akasema kitu. Thoa akacheka, kichwa nyuma. Darubini hazina masikio. Huu ni upungufu mkubwa wa darubini.

Nimemuuliza Thoa baadaye Khiem alisema nini. Anasema hakumbuki.

Jumapili, 24 Septemba

Badala ya vigae, mimi nilitaka mabati mekundu. Yamekuja ya kijani.

Nikamuuliza msimamizi wa mafundi. Akanitazama kwa huruma: "Mwenye nyumba amesema nyekundu inakunywa jua. Mgeni, sogea kidogo, tunapitisha mbao."

Mgeni!

Nimekwenda kwa Khiem. Akajibu taratibu, sauti ile ya kumwambia mwanafunzi aangalie kioo kwanza. Nyekundu hupauka upande mmoja, mdogo wangu. Halafu, bati hulalia bati jingine upande ambao upepo hautokei, skrubu hukaa mgongoni mwa wimbi, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Nimeuliza rangi, nimepewa somo. Na somo ni zuri! Nimelinakili hapa kwa siri. Skrubu mgongoni.

Jumanne, 26 Septemba

Khiem ameamka kabla yangu. Nimemkuta sebuleni kwangu anagonga sakafu kwa ufunguo. Vigae sita vinalia ngoma. Thoa ameviwekea alama kwa chaki. Ni chaki yangu.

Ijumaa, 29 Septemba

Mbalamwezi ya mwezi wa nane, kwa kalenda yetu ya mwezi. Ngoma, taa za watoto, kichochoro kizima kinagawana keki. Majirani wakaingia kwangu na maboksi, na kila boksi likatua kwa Khiem, kwa mikono miwili. "Hongera ya paa, Kaka Khiem!" Kaka Khiem akawakaribisha kwenye viti vyangu. Akawamiminia chai yangu. Aliimimina kwa upole sana, na kila mgeni alimwonyesha dari, hapa na pale, kama mtu anayeonyesha picha za harusi yake.

Nikapata keki ya maharage. Ilikuwa imebaki.

Thoa ananiambia nimenuna. Sijanuna. Mtu anaweza kukaa kona akitafuna.

Jumatatu, 2 Oktoba

Paa limeisha jana. Leo mvua ya kwanza kubwa, tangu mchana. Nimefunga kibanda mapema, nimekaa kitandani, macho juu.

Saa nzima. Hakuna.

Saa ya pili. Nimegusa mto. Mkavu. Nimetazama weusi ule karibu na ukuta: mbao mpya, kavu, inanukia.

Nitaandika kwa kuwa hakuna atakayesoma: nililitamani tone. Moja tu. Hata dogo, la heshima, ili nimwite Khiem aje alione.

Jumatano, 4 Oktoba

Siku ya kuinunua nyumba yangu. Mama mkwe amerudi. Kuku amechemshwa, wali wa kunata mwekundu, uvumba tayari, noti yangu mpya mfukoni. Tumevaa.

Khiem hakuja.

Thoa akaenda getini kwake. Akarudi: anasema ana mafua, tusogeze kidogo. Mafua! Asubuhi nimemwona anamfundisha msichana kurudisha gari nyuma pale uwanjani, anapiga kelele "kata kona! kata!" kwa mapafu yote.

Nikasema basi tuifanye bila yeye. Mama mkwe akashika kichwa. "Mwanangu, mwenye nyumba lazima aseme kwa mdomo wake kwamba ameuza. Huwezi kununua kwa mtu ambaye hajauza."

"Lakini ni mimi mwenye nyumba, mama!"

"Wewe unajua. Mimi najua. Waambie na hao," akaelekeza kidevu kwenye madhabahu.

Tumekula kuku wa sadaka. Thoa kasema tu kwamba Khiem amekonda. Ameona hilo! Mimi pia nimekonda, ukipima.

Ijumaa, 6 Oktoba

Bado "mafua". Lakini leo nimemkuta juu ya paa langu, mchana, anapitisha kiganja kwenye mfereji mpya. Mfereji ameufunga mwenyewe bila kuambiwa, mteremko mmoja, kama wake. Nikamwambia asante, nikasubiri aseme neno. Akasema pembeni pale patahitaji kusafishwa kila majani yakidondoka, nisisahau.

Nimemwambia Thoa: huyu mtu ana nyumba nzuri kuliko zote kichochoroni, na sasa anataka na yangu. Thoa akasema nina kichaa. Halafu akasema, taratibu: lakini kweli, kwa nini hasemi siku?

Kesho nakwenda kwake. Nitamwambia usoni.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimekwenda. Maneno yote nilikuwa nimeyapanga, hata pa kupumulia.

Geti la buluu lilikuwa wazi. Mwanaume mmoja anafunga ubao: NYUMBA INAUZWA. Uani mwanamke mnene, miwani mizuri (fremu ya bei), anapima ukuta kwa futi ya kamba. Akasema yeye ni Hoai, dada mkubwa wa Khiem, ametoka Saigon juzi.

"Wewe ndiye jirani wa hapa? Niambie ukweli, kaka, mvua ikinyesha hii nyumba inavuja?"

"Haijawahi."

"Najua. Ananitumia picha za mifereji kama watu wanavyotuma picha za watoto."

Nikamuuliza: Khiem anauza nyumba, anahamia wapi?

"Anauza nini? Nyumba yangu hii. Nilimwambia aniangalizie tu, na yeye akajifanya kaioa." Akacheka, akakunja futi. "Mnunuzi anataka kuingia mwisho wa mwezi. Khiem ni mtu mzima, atapata chumba. Mkewe mwenyewe anarudi mwakani, wataona. Hebu nishikie hapa."

Nikamshikia futi. Sijui kwa nini. Tumepima ukuta wote.

Niliporudi, Khiem alikuwa juu ya paa langu na bisibisi. Kutoka kule juu ua wa dada yake unaonekana wote. Aliniona nilikotoka. Hakusema habari ya ubao, nami sikusema. Ile hotuba yangu, hata neno moja silikumbuki.

Akasema, "Mdogo wangu, ile shughuli ya kununua... wataka leo?"

Mama mkwe ametusikia kutoka jikoni. Kuku mwingine tayari yuko chunguni, kiberiti ameshika mkononi. Thoa ananitazama. Wote wananitazama. Nimesema naingia chumbani kutafuta noti.

Noti iko mfukoni. Naandika haya nimekaa kitandani, mlango nimefunga. Mama mkwe anagonga: mwanangu, leo au si leo? Juu ya kichwa changu bisibisi inazunguka. Anakaza skrubu ambazo zilishakazwa.

Kwa leo Khiem ana nyumba moja. Ni hii.