Daktari wa Vikopo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa kwenye usaili. Udaktari wa binadamu, ile njia ya wenye shahada tayari. Miaka minne badala ya sita, kwa sababu biokemia, fiziolojia na elimu ya vijidudu nimeshazisoma kwenye sayansi ya biotiba, na nimezifaulu. Waombaji mia nne na kumi na mbili. Walioitwa tisini. Nafasi thelathini. Yaani leo ni mmoja kwa watatu; jana ilikuwa mmoja kwa karibu kumi na wanne. Hesabu hiyo siiogopi.

Kazini sijamwambia mtu. Nimepakia sampuli kwenye mashine kama siku zote, uso mkavu. Moyoni nacheka kama mwehu.

Alhamisi, 6 Machi

Ilibidi nimwambie mkuu wa maabara, maana usaili umeangukia zamu yangu. Tunamwita Mama Darubini. Mwenyewe anajua na hajawahi kukataa. Alinisikiliza jicho likiwa kwenye lenzi.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa ngazi," akasema.

"Hapana, mama."

"Ngazi haiulizwi. Inakanyagwa."

Ruhusa ametoa, bila kuinua kichwa. Imeniuma. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba potasiamu ikisoma saba, kiwango cha kuua, kabla ya kuitia wodi nzima kiwewe, tazama kwanza kama chembe za damu zimepasukia kwenye chupa. Mimi niliyashika yote. Sasa kuyapeleka mbele imekuwa dharau? Nyumbani wanaiona maabara jalala, hapa kuiacha ni kama kuvunja ndoa. Mtu asimame wapi?

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama mzazi. Siri haimkai — kabla sijavua viatu, baba mdogo alikuwa na habari zote.

"Karibu, daktari wa vikopo."

Jina hilo amenibandika tangu nilipomaliza sekondari, nikakosa udaktari kwa alama moja, nikachukua biotiba. Alama moja! Akawatangazia wageni sebuleni kwamba nakwenda kusomea mikojo ya watu. Leo kaja na jipya: kwa umri huu, nikimaliza si nitatibu wajukuu zangu?

"Nina ishirini na nane, baba mdogo. Nitamaliza na thelathini na mbili. Hata nisiposoma, thelathini na mbili nitafika tu."

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Baba mdogo akaomba chumvi.

Na iandikwe hapa, kwa sababu kesho kila mtu atasema alinishika mkono: nilijisomesha mwenyewe. Mchana darasani, jioni naosha vyombo vya glasi kwenye maabara za watu. Kwenye mahafali yangu baba mdogo aliondoka kabla jina langu halijasomwa. Alisema kiti kilikuwa kigumu.

Jumanne, 18 Machi

Usaili. Niandike kabla haujanipoa.

Chumba cha kwanza, grafu na majedwali. Nimeyala kama njugu. Cha pili, maswali ya maadili — sawa tu, si haba. Cha tatu, mzee mmoja kakaa kitini, mwigizaji, anajifanya mgonjwa anayesubiri majibu ya damu. Profesa yuko pembeni, mikono kifuani. Nikasalimia. Nikamwuliza mzee jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Nikamwuliza tena ili kuhakiki, kama tunavyofanya kabla ya kuipokea chupa. Akajibu mara zote mbili. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mimi naogopa."

Nikamjibu: "Majibu yatatoka ndani ya dakika arobaini na tano."

Mungu wangu. Mtu kaniambia anaogopa, nami nimempa ratiba ya mashine.

Mzee akanitazama tu — nadhani hata yeye aliisahau kazi yake ya kuigiza. Nikahisi alama zinachuruzika. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikasema, "Samahani, baba. Unaogopa nini hasa?" Akaanza. Mkewe alikufa kwa ugonjwa huohuo anaohofia kuwa nao. Nikasikiliza mpaka kengele ikalia. Sikusema kitu cha maana hata kimoja.

Mwishoni profesa akaniambia nimemjibu mgonjwa kama dirisha la maabara.

"Ndiyo, profesa," nikasema. "Watu wamekuwa wakinijia wakiwa ndani ya chupa. Jinsi ya kukaa nao ndiyo ninakuja kujifunza. Kilichomo kwenye chupa tayari ninakijua."

Akaandika kitu. Kirefu. Sikuomba radhi, na siombi.

Jumatano, 19 Machi

Mama Darubini kauliza imekwendaje. Nikamsimulia lile la dakika arobaini na tano. Alicheka hadi akavua miwani akafuta macho. Kisha akasema hata yeye mumewe alipougua aliwahi kumsomea kiwango cha hemoglobini badala ya kumpa pole. Hatujawahi kuongea hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo chuo kinawapigia simu wote tisini, waliopata na waliokosa, mwisho saa kumi jioni. Sasa ni saa nane na nusu. Naandika kwenye chumba cha chai.

Saa nane walileta chupa mbio kutoka chumba cha upasuaji. Mzazi mmoja kajifungua, damu haikati. Nikaanza kulinganisha damu yake na ya kwenye mfuko. Simu yangu ikalia kwenye droo, huko nje, maana ndani haziruhusiwi. Sikugeuka. Ikalia tena. Nikatoa mifuko miwili, wakaondoka nayo wakikimbia. Inalingana. Nimesaini.

Nilipotoka, Mama Darubini alikuwa ameishika simu.

"Chuo. Nimewaambia umeshika damu ya mtu, wasubiri."

"Walisema nini?"

"Watapiga tena."

"Sauti yao ilikuwaje, mama?"

"Ya karani."

Kisha akamwita mwenzangu wa benchi ya vijidudu, akamkalisha mbele ya mashine yangu. "Jifunze hii. Mwenyewe anaondoka."

"Mama, sijapata jibu."

"Sijakuuliza."

Kupitia kioo namwona anamfundisha. Mashine hii mama hajaishika siku nyingi: anamwonyesha kuosha sindano yake mwishoni mwa zamu tu, wakati ni kila baada ya sampuli hamsini. Ngoja nikamwelekeze mwenzangu mimi mwenyewe. Simu nakwenda nayo hadi mlangoni, sauti nimeipandisha mpaka mwisho —