Drafti ya Mshangano na Kyaka

Umetimia mwaka mmoja, Fortunata binti yetu, tangu ututoke, na mama yako hajapata wa kucheza naye.

Watu walisema mwaka ukigeuka atazoea. Mwaka umegeuka. Mahindi yamevunwa tena hapa Mshangano, yameanikwa uani kama mwaka jana, na baridi ya Songea imerudi. Mama yako amevaa lile sweta la kijani ulilomletea, lenye vifungo vikubwa ambavyo vidole vyake vinavishindwa asubuhi. Kuzoea ndiko hakujaja. Tunakuandikia ulijue hilo, na wanaosoma nao wasikie, maana wengi wanatuuliza barabarani mama anaendeleaje, nasi hatuna jibu la kuwafurahisha.

Ulipopangiwa kazi Kyaka, kule Kagera, mama yako aliuliza ni wapi. Kaka yako Oswald, fundi cherehani wa watu, akamweleza kifundi: "Mama, nchi ukiivaa kama shati, sisi tuko kwenye pindo la chini. Nata yuko kwenye kola." Mama yako akasema, "Mmempeleka mwanangu mpaka shingoni." Ukacheka wewe, huku unafunga sanduku.

Ulicheka upesi, Nata. Ulicheka kabla hujamaliza kusimulia, ndiyo maana hadithi zako nyingi hatukuzijua mwisho wake. Miwani uliivaa kichwani ukaitafuta nyumba nzima. Mshahara ukitoka, sabuni ya watoto wa darasa lako ilitangulia viatu vyako. Watoto wa darasa la kwanza walikuja shuleni wakisema Kihaya kitupu, ukawaingiza kwenye Kiswahili kwa vitendawili vya mama yako. Ulikuwa unampigia: "Mama, vimeniishia, nitungie vingine." Naye anapukuchua mahindi huku anatunga. Kimoja ulisema kiliwashinda watoto wote: Nimemshika mkononi hapa, anacheka Songea. Jibu ni simu. Lakini yupo aliyesimama akasema, "Ni mama yake mwalimu!" Ukampa alama zote.

Simu zenyewe za kujuliana hali zilikuwa zinaisha vibaya. Shikamoo mama. Marahaba, mzima? Mzima. Mvua? Ipo. Kisha kimya, kila mtu anasikia mwenzake anavyopumua, na bando linakwenda. Wewe ndiye uliyesema, "Mama, tutafute mchezo. Watu wakicheza hawadaiwi habari." Likizo ulipokuja ukamnunulia simu ya kupangusa, ukamfundisha hapo barazani, kidole chake ndani ya kiganja chako.

Wa kwanza ulikuwa mchezo wa kupanga peremende za rangi. Mama yako akaucheza kidogo, akakurekodia sauti: "Nata, hizi peremende napanga peke yangu nawe unapanga peke yako. Sasa tofauti yake na kutokuwepo ni nini?" Ukaufuta.

Ukaleta ludo. Huo una watu wa dunia nzima, na mmoja akampenda mama yako. Jirani yetu Tabu alikuwepo, alikuja kuomba kinu, naye mpaka leo akiisimulia hulia kwa kucheka. Kijana mwenye kofia alimwandikia "Hi." Mama yako akamjibu, "Marahaba." Kijana akaleta picha ya moyo mwekundu. Mama yako akamuuliza Tabu, "Huyu anaumwa moyo?" Tabu akasema, "Mama Oswald, huyo hajaugua, anakuchumbia!" Ulipopiga simu ukaambiwa, ulipiga kelele: "Mama, usimjibu huyo!" "Nishamjibu. Nimemwambia apeleke barua kwa wazee wa ukoo."

Karata nazo hazikukaa. Kabla mama yako hajavaa miwani, simu imeshamruka zamu. Akasema simu haina adabu, inamkimbiza mtu mzima kama kuku.

Ndipo ukaipata drafti. Hiyo ilikuwa ya kwetu. Baba yenu, marehemu mzee Erasmus, aliwafundisha wote kwa vizibo vya soda, wake vimelala chali, vyenu kifudifudi. Na hii ya kwenye simu ilikuwa na subira. Unasogeza kete yako Kyaka asubuhi kabla ya paredi, unaiacha. Mama yako anaiona akitoka shambani, anasogeza yake. Mchezo unamngoja mtu siku kadhaa bila kununa. Humo ndimo mlimoishi, wewe na mama yako, karibu miaka miwili.

Mlicheza kwa sheria za baba yenu. Aliyefungwa anatoa mji, kama kwenye vitendawili. Na anayefikiri haharakishwi. Ukimwambia mwenzako "cheza basi," unatoa kete moja nje ya ubao. Hata kukohoa kwa makusudi, mzee Erasmus alikuhesabia.

"Nipe mji!" mama yako, uliyemwita Mzee wa Kingi kwa kupenda kupandisha kete ziwe kingi, alikuwa anakurekodia.

"Chukua Bukoba, Mzee wa Kingi."

"Bukoba ulishanipa. Unataka kuniuzia mara mbili?"

"Basi Mwanza."

"Mwanza kuna samaki, naupokea. Kilichobaki?"

"Dodoma tu, mama, na hiyo ni ya serikali, siwezi kuitoa."

Tukimsikia anacheka peke yake jikoni, tulijua umefungwa.

Mchezo wenu wa mwisho ulikuwa mzuri. Mama yako alikutegea kete ya pembeni. Ukiila, anakula tatu na kupandisha kingi. Ukaingiza sauti yako, fupi: "Mh! Hapa pana jambo. Niache nifikiri, Mzee wa Kingi." Zamu ikawa yako.

Siku ikapita, na ya pili, kimya. Mama yako akatembea na ushindi wake kifuani, hata uji ulikuwa unamtoka kwa kutabasamu. Tabu akamuuliza, "Mama Oswald, mbona humpigii mwalimu?"

"Nimpigie nitoe kete? Hicho ndicho anachokitaka. Ananivuta nimharakishe."

"Lakini si mwanao?"

"Kwenye ubao hakuna mwana."

Hakujua, Nata. Hakuna aliyejua huku. Ulikuwa umeanguka darasani na chaki mkononi, walimu wenzako wakakufikisha hospitali, wakakaa nawe kwa kupokezana, na macho hukuyafumbua. Simu yako ilifungwa kwa namba za siri ulizozijua mwenyewe. Walihangaika kuitafuta namba ya nyumbani, na walipoipata ulikuwa umeshatutoka; ikawa ya kutoa taarifa, si ya kuomba ushauri. Wamelilia jambo hilo mbele yetu. Hatuwalaumu.

Asubuhi hiyohiyo waliyoipata namba, mama yako alifungua mchezo akakuta kombe. Lile kombe la dhahabu unalijua, linakuja na vipande vya karatasi za rangi vinavyodondoka kama harusini. Akapiga vigelegele. Tabu akaja mbio na unga mikononi, akidhani ni mchumba wa ludo amefika kweli.

"Nimemfunga mwalimu!"

"Hongera mama! Kwa kete ipi?"

"Ile ya pembeni. Ameingia mwenyewe!"

Akakurekodia sauti. Bado ipo, ina tiki moja hadi leo: "Mwalimu wa kufungwa! Leo hata hiyo Dodoma ya serikali naichukua. Nipe mji!"

Oswald akaingia saa hiyo, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Alikuwa amepigiwa akiwa kwenye cherehani sokoni, na futi ya kupimia ilikuwa ingali shingoni mwake. Mama yako hakumtazama usoni. Alimnyooshea simu.

"Tazama nilivyomfanya dada yako."

Oswald akaipokea, maana hakujua afanye nini kingine. Chini ya kombe palikuwa na maneno ya Kiingereza. Mama yako hakuwahi kuyajali. Kombe lilikuwa linamtosha.

"Mbona umeganda? Yanasemaje?"

"Yanasema mwenzako hakurudi. Muda wake umekwisha, basi ushindi wamekupa wewe."

"Kwa hiyo ile kete hakuila?"

"Hakuila, mama."

"Basi huo si ushindi. Nipe simu nimwite aje tumalize."

"Mama, kaa."

"Nimekaa, Oswald. Huoni nimekaa?"

Kweli alikuwa amekaa. Tabu ndiye aliyeelewa kwanza. Akamwondolea mama yako ungo wa mahindi mapajani, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala.

Ulirudi kwetu umelala, gari likavuka nchi nzima kukuleta. Tukakuzika karibu na baba yako. Watoto wa darasa lako walikuchorea picha, nyingi mno, na katika nyingi umechorwa na miwani juu ya kichwa.

Baada ya matanga mama yako alimwita Oswald akamwambia, "Mrudishie dada yako ushindi wake." Oswald akasema haurudishwi. "Basi waandike nimefungwa mimi." Akasema hakuna mahali pa kuandika hivyo. "Huu mchezo hauna wazee wa kuwaendea?" Hauna, mama. Akatafuna midomo, kisha akatega kitendawili, cha mwisho tulichokisikia kwake: "Aliyeshinda analia, aliyeshindwa hayupo." Oswald alipaswa kujibu, au kutoa mji. Alitoka nje akaenda kusimama kwenye mahindi.

Tumejaribu, usidhani hatukujaribu. Wifi yako Skola alimwekea mchezo mwingine, mama yako akaurudisha. Tabu alijitolea, akaja na moyo mweupe, lakini Tabu huongea huku anacheza. Mwanao wa kaka, Vere mdogo, somo wa bibi yake, alitafuta vizibo, akachora ubao kwa mkaa juu ya kipande cha boksi, akasema, "Bibi, njoo nikufunge." Mama yako akaja. Akaketi, akapanga vyake chali. Tukafurahi, tukatoka nje kuwapisha.

Mtoto alipofika mahali pagumu, akaweka kidevu kwenye ngumi akafikiri. Tukasikia sauti ya mama yako: "Cheza basi." Akatoa kete moja nje mwenyewe, bila kuambiwa. Mtoto akafikiri tena. "Cheza basi, Vere, cheza!" Akatoa nyingine. Aliendelea hivyo mpaka upande wake wa ubao ukabaki mweupe, mtoto naye anamwangalia bibi yake, hajui amefunga au amefanya kosa. Hawezi tena, Nata. Mtu akinyamaza mbele yake hata kidogo, anamwita. Sasa hata Oswald akikaa kimya kula, anaulizwa, "Upo?" Anajibu, "Nipo, mama." Kijiko cha pili anaulizwa tena.

Ule wa kwenye simu hakuufuta. Kila Jumapili baada ya misa aliufungua, akatazama ile orodha ya wachezaji wenzake, ambayo haikuwa na mtu ila wewe: picha yako ya siku ya mahafali, na jina Mwalimu Nata. Hakugusa kitu. Akishakutazama anafunga, anaenda kupika. Tulimwacha; tuliona ni kaburi la pili, na hilo halihitaji kupaliliwa.

Jumapili iliyopita alifungua, hukuwepo. Penye picha yako pamekaa kichwa cha rangi ya kijivu kisicho na uso, na jina limeondoka. Akampelekea Oswald.

"Wamemfanya nini?"

Oswald akasoma. "Mama, asiyecheza mwaka mzima wanamfuta wenyewe. Ni mashine, haimjui mtu."

"Na hiki kichwa ni yeye?"

"Hapana. Ni nafasi yake tu."

Akaikodolea macho ile nafasi. "Sasa nafasi ya mtu naichezaje?"

Mama yako akaulizwa kama afutiwe mchezo wote, akasema wafanye watakavyo, akaiweka simu kwenye kiti na kuingia ndani. Bado iko kwenye kiti. Chaji imekwisha, hakuna aliyeichomeka.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii asubuhi kigangoni Mshangano, kisha tutakuja kwako na majembe.

Unakumbukwa na mama yako Verediana. Kaka yako Oswald na wifi yako Skola. Wanao wa kaka, Isidori na Vere mdogo. Jirani yako Tabu, ambaye atakusomea dua kwa dini yake. Walimu wenzako wa Kyaka, na watoto uliowafundisha kusoma, ambao sasa wako darasa la tatu na wanaweza kulisoma tangazo hili.

Tutakukumbuka daima, Fortunata, na hilo halitupunguzii uchungu.