Wifi Ameshushwa Mlimani

Kwa fundi cherehani,
Nyuma ya kituo cha mabasi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Mtoto naye, kikohozi kimemwacha? Simu yako haishiki tangu Jumatano, ndiyo maana naandika. Nianze na la kukutuliza: mkeo, wifi yangu, yu hai, anakula, anaongea. Mimi ndiye bado sijapata usingizi, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Alikuja kifua mbele kujiandaa kwa mbio ndefu za mwezi ujao. Kaka, kilima cha kwanza tu kilimkalisha chini. Hewa ya huku ni nyepesi, hata mimi mwenyeji hupanda ngazi nikihema. Kocha wake wa huku akampunguzia mazoezi yote: siku za mwanzo atembee, akikimbia iwe taratibu, tena akiongea. Nikapewa kazi ya kumfuata kwa baiskeli nikimuuliza maswali. Akikosa pumzi ya kujibu, tunatembea. Mdomo wangu unaujua, na ububu wake unaujua, basi watu walipata cha kucheka.

Kumbe yeye aliona tunampotezea muda. Mchana nikiwa kwenye cherehani, alipanda kilima peke yake kwa kasi ya huko bondeni. Kichwa kilimuuma, akakifunga kitambaa na kunyamaza. Haya nimeyajua baadaye.

Jumatano asubuhi, tukiwa mazoezini, nikamuuliza mumewe, yaani wewe, yuko wapi. Akajibu umetangulia mbele kidogo. Nikacheka, nikadhani ameamka na utani. Nikamuuliza mtoto wenu anaitwa nani. Akapepesuka, akanitazama kama mteja aliyekosea mlango.

"Mtoto gani?" akasema.

Kaka, baiskeli niliitupa chini. Nilipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Kocha hakungoja maelezo, alitupakia garini tukateremka moja kwa moja hadi hospitali ya chini. Daktari alisema ubongo ulianza kuvimba kwa hewa hii nyepesi, na kwamba tungemlaza huku juu apumzike, tungempoteza. Nami ndicho nilichotaka kufanya, kumlaza.

Sasa ana nafuu. Kuhusu mbio, ameambiwa asahau, na hakuzililia. Alinishika mkono akalilia jambo moja tu: "Mwanangu asijue kwamba nilimsahau."

Nisalimie shangazi. Mama mkwe wako mweleze polepole, moyo wake si wa habari za ghafla. Mungu awashike mkono nyote, nawe uje upesi hospitalini.

Ukimsomea mtoto barua hii, hapo pa kumsahau paruke. Mwambie tu kwamba mama yake, kila akizinduka, anamtaja.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, Fundi