Mkono Nilioutunga

Dada yangu mpenzi,

Na kuhusu yale mablanketi, usiniulize tena kama yalifika, kwa maana ndiyo yaliyofanya nishindwe kukuandikia wiki tatu hizi. Lakini kwanza salamu. Hujambo dada, na shemeji je, mgongo wake umepata nafuu? Watoto wamepona kikohozi? Sisi huku wazima. Mwenzangu anakusalimu sana. Yuko hapa anapiga pasi shati lake mwenyewe, hataki niliguse, anasema mikono yangu ni ya kushikwa tu. Dada, ndoa tamu. Mwezi wa nne sasa, na bado akienda kazini hugeuka mara mbili kabla ya kona akanipungia mkono, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama bwana anasafiri ng'ambo au anakwenda kufunga nyaya za umeme mtaa wa pili.

Unakumbuka nilikueleza kuhusu Jumamosi zetu. Kanisa letu limetoa ukumbi, msikiti wa jirani umetoa vyerehani, na wanawake waliokimbia vita huja kushona nasi. Mchungaji na imamu walikubaliana mambo mawili tu: hakuna kumhubiria mtu, na kinachosemwa ukumbini kinabaki ukumbini. Anayetusimamia ni Bi Fundi, mama mtu mzima wa msikitini. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtu akianza kusema tusiinue vichwa, tuendelee kushona, maana wengi wao wamekodolewa macho na askari vya kutosha. Siku ya kwanza nilimcheka moyoni. Kumbe anajua. Mwenzetu mmoja tuliyembandika jina la Mama Kimya alikaa miezi miwili bila neno, kisha siku moja, akiwa anapinda pindo la shuka, akasema kwamba mumewe alipandishwa lori na watu wenye bunduki, na tangu hapo hajasikia habari zake.

Jumatatu yake asubuhi nikakuandikia yote. Sikuona kosa, wewe ni dada yangu, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Nawe ukawasomea akina mama wa kanisa lenu, wakalia, wakatuma mablanketi na ile kadi yenye jina la kanisa. Sikulaumu. Mzigo ulifunguliwa ukumbini, na Bi Fundi akaisoma kadi kwa sauti kabla hajajua imeandikwa nini: kwamba wanamwombea mama ambaye mumewe aligeuka juu ya lori akampungia mkono.

Vyerehani vilinyamaza. Nilidhani Mama Kimya atakasirika kwa siri yake kuzagaa. Hakukasirika, dada. Alisimama, akauliza ni nani huko kwenu aliyemwona mumewe. Alisema yeye siku ile alikuwa amelazwa kifudifudi, hakuona kitu. Kama kuna mtu anajua kwamba aligeuka, basi mtu huyo alikuwepo, na huenda anajua lori lilielekea wapi.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Akawa anakula. Akamtania Bi Fundi kwamba miwani yake imefungwa uzi mwingi kuliko ulio kwenye cherehani, na Bi Fundi akamwambia bora alivyokuwa bubu. Mchungaji na imamu wakapanga aletwe kwenu kwa gari la kanisa na mafuta ya msikiti. Watu wakasema ni jibu la maombi, wala hawakubishana ni maombi ya nani. Nami nikashona Jumamosi mbili, kichwa chini, mdomo nimeufunga, wakanisifu kwamba hatimaye nimejifunza.

Dada, mkono ule niliutunga mimi. Mama Kimya hakuutaja. Asubuhi nilipokuandikia, mume wangu alikuwa ametoka tu kunipungia pale kwenye kona, nikaona haiwezekani mume aondoke hivi hivi, nikauongeza ili barua iwe nzuri. Nilichukua furaha yangu nikaibandika kwenye msiba wa mtu.

Nilimwendea Bi Fundi nikamweleza. Aliendelea kutunga uzi sindanoni. Akaniuliza kama mwenyewe nimemwambia, nikasema bado, akasema basi nimekosea mlango. Nikaenda. Mama Kimya alikuwa anashona gauni la safari. Hakulia. Aliniuliza kama nina hakika hakuna aliyeniambia. Akauliza tena. Mara ya tatu nilitamani kudanganya upya, dada, kwa jinsi alivyonitazama. Kisha akaniambia nitoke.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mchungaji na imamu walipojua, walikwenda nyumbani kwake pamoja kumwomba radhi, akawasikiliza akiwa mlangoni. Jana amemtuma Bi Fundi aniambie kwamba safari iko palepale. Hatafuti shahidi tena. Anataka akina mama wenu wamsikie kwa kinywa chake, asibaki midomoni mwao kama nilivyomchora mimi. Nami lazima niwepo, ila kiti changu garini kiwe mbali na chake.

Siwezi kuuandika uso wangu ulivyo leo. Mume wangu nimemwambia.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Wakusanye wale wale waliolia, wala usiwaeleze kitu. Hilo ni lake yeye. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha. Usitupikie makubwa, wala usinikimbilie getini kunikumbatia. Mpokee yeye kwanza.

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu.