Flekka, Kofia ya Baba na Ukungu

Nordagarth,
Fetlar,
Visiwa vya Shetland.
23 Septemba 1984

Dada yangu mpendwa Girzie,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Osla. Natumaini zinakukuta mzima wewe na shemeji, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipoteleza kwenye ngazi. Watoto je? Ulisema Tam ameanza kazi melini. Mungu amlinde, maana hilo la bahari liko kwenye damu yetu. Huko kwenu kusini mwa dunia naona kondoo ndio wanazaa sasa. Huku tumekwisha kuvuna nyasi, upepo umeanza kuuma masikio, na moto jikoni hauachwi uzimike.

Sisi wazima. Nalisema hilo mwanzo ili ukae kitako usome kwa utulivu. Baba yu hai. Amekaa hapa karibu nami anakunywa chai na kuilaumu kuwa ni nyepesi. Shika hilo kwanza, halafu endelea kusoma.

Tangu ulipokuja kumzika Mama, akili ya Baba imekuwa ikipungua. Sikukuandikia yote kwa sababu sikutaka ulie peke yako nchi za watu. Kuna siku anauliza Mama amekwenda dukani saa ngapi. Kuna siku anavaa buti mbili za mguu mmoja na kugombana nazo. Hofu yangu, Dada, ninayolala nayo na kuamka nayo, ni kwamba siku moja atatoka mlangoni na sitamwona tena. Unayajua magenge yetu ya kando ya bahari yalivyo, ardhi inakwisha tu chini ya mguu bila kumwonya mtu.

Sasa nikueleze habari za Flekka, yule farasi mdogo wa Baba mwenye mabaka. Ulimwacha akiwa mtoto wa kubebwa kwapani. Amekua, ingawa kukua kwenyewe ni kwa maneno tu, maana mgongo wake haufiki kiunoni kwangu. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Farasi huyu ametutawala nyumba nzima.

Kazi hapendi. Akiona kikapu cha kubebea ule udongo mkavu tunaochoma jikoni badala ya kuni anaanza kuchechemea, na anachechemea kwa huzuni hasa, kichwa chini, mpaka unamwonea huruma na kubeba mwenyewe. Siku moja alisahau ni mguu gani unaomuuma akachechemea kwa mwingine. Mdogo wetu Magnie alimwambia, "We mwongo we, hata uongo wako huukumbuki!" Flekka akamkanyaga kidole cha mguu, akasimama pale pale, akiangalia pembeni kama hayamhusu.

Mchungaji alipokuja kututembelea wakati wa Pasaka, tulikuwa tumekaa vizuri na vikombe vya maua vya Mama. Flekka akasukuma mlango kwa paji la uso, akaingia na suruali ndefu ya ndani ya Baba mdomoni, ameivuta kutoka kwenye kamba ya nguo. Akazunguka meza nayo. Baba hakutikisika. "Usiangalie, Mchungaji," alisema. "Hiyo ni ya Magnie." Mchungaji alicheka mpaka chai ikampalia, na Magnie mpaka leo kanisani wanamtazama.

Lakini mchezo wake mkubwa ni kofia. Anamnyemelea Baba kutoka nyuma, anamvua kofia kwa midomo, taratibu kabisa, anasogea hatua chache na kusimama. Baba akinyoosha mkono, anasogea tena. Hivyo hivyo mpaka wamezunguka nyumba. Mwisho Baba anatoa pipi ya mnanaa mfukoni, Flekka anaangusha kofia na kula pipi. Na Baba anacheka! "We kibeti mwizi! Mama yako alikuwa na adabu zake, hizi umezitoa wapi?" Tangu Mama afariki sijasikia kicheko chake kwa jambo jingine lolote. Ndiyo maana niliwaacha wacheze.

Halafu kuna malango. Komeo la kawaida analifungua kwa midomo. Magnie akafunga mnyororo, Flekka akajifunza kuufungua. Nikaongeza kamba, naye akaifanyia kazi kwa meno kila mara mpaka ikalegea. Kufungua ni kazi yake. Kufunga, hilo hajawahi kujishughulisha nalo. Fetlar nzima wanajua kwamba ukikuta lango liko wazi na kondoo wako kwenye kabichi, Flekka amepita. Nakuomba ulikumbuke hilo ili uelewe tulivyokosea.

Jumatano asubuhi kulikuwa na jua. Nilimkalisha Baba kwenye benchi ukutani, amevaa kofia na sweta nzito, Flekka akila majani miguuni pake. Niliingia ndani kugeuza mikate isiungue. Sikukaa. Nilipotoka, ukungu ulikuwa umepanda kutoka baharini na kufunika kila kitu, hata banda silioni. Benchi tupu. Farasi hayupo.

Niliita. Girzie, hakuna kitu kinachotisha kama kuita ndani ya ukungu na sauti yako isiende popote. Niliita Baba, nikaita Flekka, nikaita tena Baba.

Unajua kutoka pale uani kuna njia mbili tu, lango la barabarani na lango la kilimani, lile la kwenda magengeni. La barabarani lilikuwa wazi, lakini hilo nililiacha wazi mwenyewe asubuhi gari la maziwa lilipopita. Nikakimbilia la kilimani. Lilikuwa limefungwa, mnyororo mahali pake, kamba mahali pake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kama Flekka angepita hapo lango lingekuwa wazi, na Baba humfuata farasi wake kila aendako. Basi wamekwenda barabarani. Magnie alipofika mbio na jirani yetu Baabie, nao walisema hivyo hivyo, tena bila kufikiri mara mbili.

Tulitafuta barabarani. Tulitafuta kisimani, ufukweni, kanisani, kwenye mitaro. Majirani walitoka na mbwa zao. Baabie, na miguu yake ile mibovu, alitembea mpaka kwenye gati la feri akiita, "Mzee Lowrie! Mzee Lowrie, chai tayari!" kwa sababu Baba kwa chai huitika. Hakuitika. Kila aliyerudi nilimtazama usoni, na kila mmoja aliangalia chini. Ukungu ulizidi kuwa mzito na baridi ilianza kuingia.

Nguvu ziliniisha. Nikarudi peke yangu kwenye lango la kilimani, nikaliegemea nisali, na vidole vyangu vikashika kamba.

Halikuwa fundo langu.

Mimi nafunga ovyo, unanijua, navuta na kupindapinda. Hili lilikuwa lile fundo la melini, lile Baba alilotufundisha tukiwa watoto nami sikuliweza, wewe ukaliweza. Ndipo nilipofahamu. Flekka alifungua lango akapita na kofia. Baba alimfuata. Na Baba asiyekumbuka kama amekula, Baba anayeniita kwa majina ya shangazi zake, alifika upande wa pili akageuka akafunga lango, kama alivyotuchapa sisi makofi tujifunze, kwamba lango unalopita unalifunga. Mikono yake haikusahau. Nasi tuliona lango limefungwa tukampa mgongo, na yeye yuko nyuma yake anatembea kuelekea baharini.

Nilipiga kelele ambayo Magnie anasema hajawahi kuisikia kwa mtu. Alikuja mbio tukapanda pamoja. Hatukuona hata miguu yetu. Tulikuwa tunaisikia bahari tu, mara kulia, mara kama iko chini yetu. Magnie alinishika mkono kwa nguvu mpaka leo una alama.

Tulipofika juu alisimama ghafla. "Usije, Dada. Baki hapo hapo."

Nilikwenda. Kofia ya Baba ilikuwa kwenye majani ya mwisho kabisa ya genge, imelowa, imetafunwa ukingo. Nyuma yake hakukuwa na kitu, weupe tu. Magnie alilala kifudifudi akachungulia, akaita chini, na ndege wakajibu. Hakuona lolote. Alipogeuza uso kwangu alikuwa analia kama alivyolia akiwa na miaka minne. Mimi sikulia. Nilikaa chini kwenye majani na kofia mapajani, nikaanza kuikung'uta udongo. Nilijua amekufa, Girzie, nakwambia kweli. Nilikuwa nikiwaza nitakuandikia maneno gani.

Halafu tukasikia mtu anagombana.

"Nipishe! Pipi zangu zote umezimaliza, sasa unataka nini, nikuchinjie ng'ombe? Nipishe, kibeti we, usiye haya!"

Ilitoka nyuma yetu, kwenye lile zizi la mawe la zamani walimokuwa wakikatia kondoo manyoya. Tulikimbia kuifuata sauti, tukajikwaa, tukaamka. Baba alikuwa ndani ya zizi, kichwa wazi, mashavu mekundu kwa hasira. Mlango wa zizi ni mwembamba, na Flekka alikuwa ameujaza wote, matako kwenye upepo na kichwa kwenye mfuko wa sweta ya Baba. Kila Baba akijaribu kupita, alimsukuma ndani kwa paji la uso na kuendelea kutafuta pipi.

Nilimkumbatia Flekka shingoni nikampita. Baba akanitazama, akajaribu kuvua kofia ambayo hana. "Samahani, mama," akaniambia kwa heshima zote. "Huyu farasi ni wako?"

"Ni wetu, mzee," nikasema.

"Basi mfunze adabu. Amenifilisi."

Nilicheka, halafu nikalia, na Baba akamwambia Magnie amwangalie yule mama, huenda ni mgonjwa.

Ndiyo habari yenyewe. Baabie anamwita Flekka malaika na amemletea karoti za bustani yake. Mimi sijui, Dada. Aliyemzuia asirudi kwenye genge ni Flekka, na aliyempeleka gengeni ni Flekka. Nadhani kofia aliiangusha pale ukingoni apewe pipi, akamfuata Baba mpaka zizini, na mlangoni alisimama kwa sababu ya pipi zaidi na kukwepa upepo, basi. Sitaki kumsifu nisije nikajidanganya.

Magnie hataki kusikia lolote. Anasema mnada wa farasi wa Oktoba usipite, Flekka aende. Asipokwenda Flekka, basi Baba apelekwe mjini Lerwick kwenye nyumba ya wazee. "Mmojawapo, Dada. Mchovya asali hachovyi mara moja, huyu atafungua tena." Hasemi kwa ubaya. Tangu Jumatano hali chakula vizuri, na nimemwona akienda kulishika lile lango hata wakati hana haja nalo.

Nilijaribu. Nilimfungia Flekka bandani. Alitafuna mlango, na Baba hakuamka kitandani. Nilimvalisha Baba kofia mpya, akatoka mpaka mlangoni, akasimama muda akiigusa kichwani kuona kama bado ipo. Ilikuwa ipo. Akarudi kulala, na uji akausukuma pembeni. Basi nikamfungulia Flekka, nawe usinigombeze. Jana walizunguka nyumba na kofia mpya, Baba akimtukana kwa furaha, nami nilisimama kati yao na kilima. Magnie ametia kufuli la chuma. Flekka amelisimamia asubuhi nzima akililamba na kulipima.

Kwa hiyo naogopa kumuuza na naogopa kumweka. Naogopa ukungu, na siku ya jua naogopa kwa sababu ukungu huja nyuma ya jua. Na zaidi ya yote naogopa yale macho Baba aliyonitazama nayo zizini, yenye heshima na yasiyonijua. Siku ile alirudi nami akanijua kabla ya chakula cha usiku. Siku nyingine sijui.

Nisalimie shemeji, Tam, na binti yako Inga. Mwambie soksi alizonifumia zinanitosha. Baabie anakusalimu na anauliza kama huko mna samaki wa kueleweka. Magnie anakusalimu, hata kama amenuna. Mungu awaweke, awape usingizi mwema na habari njema kutoka kila upande.

Nilipofika hapa nilimwuliza Baba kama ana neno la kumtumia Girzie. Aliweka kikombe chini akatazama dirishani, kilima hakionekani tena kwa ukungu. Kisha akanigeukia kwa ukali ule ule wa zamani. "Huyo mtoto yuko wapi mpaka saa hizi? Mwite arudi nyumbani."

Basi nami nakuita.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Osla