Siagi Kichwani mwa Udaweda

Jumatatu, 12 Machi 2012
Ukungu mzito asubuhi. Baridi. Nimetoa mawimbi ghafi ya ubongo wa watoto kabla ya chai. Nafungua faili la kipimo cha ubongo, nachukua kila sehemu ya kichwa peke yake, natoa mkondo wake sekunde kwa sekunde kabla kompyuta haijasafisha chochote. Wote sawa, isipokuwa Udaweda, binti mdogo wa Kidatoga kutoka Yaeda Chini. Ovyo kabisa. Mistari inapepesuka kama mlevi. Mtoto huyu ana kifafa, ameshaangukia moto. Bila mchoro unaosomeka daktari hajui ampe dawa ipi.

Jumanne, 13 Machi
Mvua, tope mpaka mlangoni. Nimetoa upya. Ovyo vilevile. Daktari wa mradi amesema nilifute faili lake. Fundi wa mashine akadakia: "Dada Vero, hicho kichwa cha Kimang'ati. Hapo tumerekodi ng'ombe wanakunywa maji!" Kimang'ati, ndivyo wanavyowaita Wadatoga kwa dharau, na ofisi nzima ikacheka. Nilikasirika. Sikufuta.

Mchana nimekwenda wodini. Udaweda akaniamkia, akainamisha kichwa nimguse, kama watoto wa kwao wanavyowaamkia wakubwa. Kiganja kikarudi kinang'aa. Siagi, mpaka kwenye ngozi. Hasira ikahamia kwa mama yake.

"Mama, si tuliwaambia muoshe kichwa?"

"Nimeosha. Nikaosha, nikapaka. Wewe mama yako alikuosha akakuacha hivyo hivyo? Nimlete kwa wageni amekauka kama hana mtu?"

Tuliwaambia waoshe, hakuna aliyewaambia waishie hapo. Waya haushiki kwenye mafuta. Na fundi? Alimvalisha kofia yenye waya za kipimo juu ya siagi yote ile asiione? Hakumshika. Alimvalisha kwa ncha za vidole kwa sababu ya harufu. Namchukia.

Jumatano, 14 Machi
Jua. Daktari amekubali turudie kipimo leo, maana kesho mashine inakwenda Katesh. Amekubali bila kunitazama.

Mama amekataa muuguzi asimguse mwanawe. Amemwosha mwenyewe kwa sabuni ya unga, huku akinitukana kwa Kidatoga. Sijui Kidatoga, lakini matusi niliyaelewa. Fundi alipoleta kofia nikamwambia, "Mshike. Kwa mikono miwili." Akanitazama. Nikarudia. Akamshika.

Jioni nimetoa mawimbi. Safi. Upande wa kushoto, juu ya sikio, miiba mirefu inachomoza, inatulia, inachomoza tena. Ndipo kifafa kinapoanzia. Nilitaka kushangilia, nikaona aibu. Ni ugonjwa wa mtoto wa mtu.

Daktari ameandika dawa. Udaweda amemeza kidonge cha kwanza mbele yangu, akakunja uso. Mama yake akauliza kama sasa anaruhusiwa kumpaka. Nimemwambia ampake.

Hakunishukuru. Sawa tu. Fundi sijamsalimia, na kesho simsalimii.

Saa tatu na nusu, nalala.