Profesa wa Mwaka wa Kwanza

Mshauri wangu, salamu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, leo naimaliza. Mimi ni fundi bomba, nina miaka arobaini na mbili, nina mke na binti mmoja aliye sekondari, na mwaka huu nimeingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji, kitu nilichokitamani tangu ujana, na binti yangu ndiye aliyenijazia fomu. Siku ya kwanza nilipoingia darasani wanafunzi wote walisimama wakaniamkia wakidhani mimi ndiye mwalimu, nikaitikia marahaba, nikapita moja kwa moja hadi kiti cha nyuma, wakacheka, na tangu siku hiyo jina langu ni Profesa. Sasa Profesa huyo kwenye jaribio la hisabati amepata thelathini na moja kwa mia, na mwalimu, dada ambaye kwa umri ni mdogo kwangu, ameandika chini ya karatasi, "Njoo unione ofisini," na hii ni wiki ya tatu nikiuona mlango wake nazunguka jengo. Maktaba nayo naiogopa kwa sababu vitabu vinatafutwa kwenye kompyuta na sijui pa kubonyeza, asubuhi sita za wiki niko saiti, darasani nasinzia, nyumbani nimekuwa mgeni. Binti aliniuliza, "Baba, jaribio lilikwendaje?" nikamjibu, "Vizuri tu," na tangu hapo siwezi kumtazama usoni. Msimamizi wangu wa saiti anasema, "Rudi kazini jumla, hayo ya shule waachie watoto," na anataka jibu Ijumaa. Nimkubalie?

Fundi Bomba

Ndugu Fundi,

Nilikupigia simu siku ileile barua ilipofika, maana Ijumaa isingesubiri gazeti. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa faida ya wengine wanaozunguka majengo.

Kwa uchovu, pole sana. Kwa kujificha, sikupi pole. Mwalimu amekuita kwa maandishi, nawe mtu mzima unamkimbia kama mtoto aliyevunja sahani. Nenda na karatasi yako, mwonyeshe ulipopotea. Mkutubi amewekwa pale mezani kwa ajili ya wasiojua pa kubonyeza, kamwambie hivyohivyo. Pita ofisi ya washauri wa wanafunzi, uliza kama kuna masomo ya ziada ya hisabati; mara nyingi yapo, na viti ni vitupu kwa sababu watu wanaona haya. Na hao wanaokuita Profesa, kaa nao kwenye kikundi chao. Wao wanazijua kanuni, wewe unayajua maji yenyewe.

Kazi usiiache, una familia. Mwambie msimamizi siku tatu kwa wiki, basi. Jumapili usiguse daftari wala spana. Na kabla ya yote hayo, mwambie binti ukweli.

Jana ulinipigia. Msimamizi amenung'unika, lakini amekubali. Mwalimu amekuonyesha kwamba makosa yako karibu yote ni ya mada moja, na kila Jumatano mtakaa pamoja. Binti, ulipomtajia thelathini na moja, aliingia chumbani, akarudi na karatasi yake ya hisabati ya muhula uliopita: ishirini na nane. Aliificha chini ya godoro, asije akamwaibisha baba yake wa chuo kikuu.

Umeniuliza umwadhibu vipi. Usimwadhibu. Kaeni meza moja, kila mtu na karatasi yake, muanze na swali la kwanza.